Si Baridi, Wala Si Yabisi

Jumatatu nilipiga goti kwenye mawaridi ya manispaa,
bustani ile ya mlimani, Swansea,
mvua ya Wales ikinidondokea kisogoni
kama mtu asiye na haraka ya kumaliza habari yake.
Mwiba ukaingia. Nikauchomoa, nikapaka mate, nikaendelea.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole,
na safu tatu zilikuwa bado.

Alhamisi goti liliamka kabla yangu.
Limenenepa, limeng'aa, pia yake imezama.
Mwanahawa akaweka kiganja, akakiondoa upesi
kama aliyegusa sufuria.
Tukapiga simu Tanga, kwa dada Mashavu:
"Baridi yabisi hiyo. Hali ya hewa ya huko.
Kanda kwa maji ya chumvi."
Jirani Gwilym, mchimba makaa mstaafu,
magoti yake yote mawili ya chuma,
akachungulia mlangoni, akatikisa kichwa.
"Goti la uzee," akasema, "haliji na homa."

Usiku nikatetemeka chini ya mablanketi matatu
nikiligeuzageuza lile neno.
Baridi, na goti linaunguza shuka.
Yabisi, na ndani mnacheza maji:
bonyeza huku, linajibu kule.
Jina limekosea mara mbili,
nasi tumelikalia miaka yote
kama kigoda cha miguu miwili.

Daktari Angharad, binti mdogo tu, hakuanza na dawa.
"Kwanza tuliulize goti lenyewe."
Nilitaka dawa. Nilitaka kumpigia kelele.
Akasema, huku akinifuta ngozi:
tukimtisha mwizi kabla ya kumwona uso,
atajificha, tusimjue jina.

Sindano ikaingia kando ya pia.
Mimi mwana wa mchinjaji, ute wa kiungo naujua:
mwangavu, unavutika kama ute wa yai.
Kilichopanda bombani kilikuwa uji.
Uji wa mtama, uliolala.
Hapakuwa na haja ya mkalimani.

Ghorofa ya chini, mtu nisiyemjua
akawatia rangi, akainamia hadubini:
zambarau, vichala vichala, kama zabibu.
Bakteria. Wapangaji wa ngozi yangu mwenyewe,
wa pua yangu, miaka na miaka hawana neno;
mwiba ndio uliowafungulia chumba kisicho chao.
Na gegedu, akaniambia Angharad,
haina mshipa hata mmoja wa damu.
Ikiliwa, haioti.
Na wanaoila si wageni peke yao:
askari wa mwili wangu nao
wanachoma nyumba ili wamtoe mwizi.
"Ndiyo maana hatungoji asubuhi."

Saa tisa za usiku wakaliosha,
lita baada ya lita, kama birika la msibani.
Kwa maji ya chumvi.
Hapo, dada, ulipatia.
Ila ilikuwa kwa ndani.

Wiki mbili dawa ikaingia mshipani,
tone, tone,
wiki nne vidonge, tumbo likilalamika.
Sasa goti linakunja hadi robo tatu, kisha linakataa.
Nasali kwenye kiti.
Gwilym amenipa fimbo yake ya zamani,
anasema ilikuwa inamdharau.

Jana nikampigia Mashavu, nikamweleza yote,
ute, uji, zabibu, gegedu,
nikamwambia goti moja linalovimba ghafla na kuwaka,
na homa juu yake, halikandwi:
linakimbizwa hospitali siku hiyohiyo.
Akanyamaza. Nikasikia jogoo wa kwao.
Nikadhani mtandao umekatika.

"Kumbe Mhoza," akasema.

Mhoza, mtoto wa shangazi,
nyonga yake ilipowaka mwaka ule wa mafuriko.
Tulimkanda siku tisa, kwa zamu.
Mimi ndiye niliyekuwa nikichemsha maji.
Mguu ukabaki mfupi,
na shuleni tulimwita Mkasi
kwa jinsi alivyotembea,
naye akaitika.